Sindano Imepita Wapi?

Haya ni mazungumzo juu ya saratani ya figo niliyoyatoa Lamu mjini baada ya sala ya alasiri, mbele ya wagonjwa, jamaa zao na wauguzi. Ndugu wa Faza na Kizingitini walizuiwa na bahari ya kusi, wakaomba waandikiwe. Nimeyaweka kama yalivyosemwa, isipokuwa zile picha za ukutani.

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mashekhe wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni: piteni ndani, mikeka ipo, wala sitamwita mtu mbele.

Kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo wagonjwa wengi hawanijui kwa sura. Nyama ikishatolewa mwilini, iwe kwa kisu au kwa sindano, mimi ndiye ninayeikata, ninayeitazama kwa hadubini, na ninayeandika ile karatasi mnayokabidhiwa ndani ya bahasha. Na najua inavyosomwa huku kwetu. Hufunguliwa garini kabla ya kufika Mokowe, hupigwa picha, hutumwa kwa mjomba Dubai na kwa shangazi Mombasa, na boti ikifunga gati hapa Lamu ukoo mzima umeshatoa hukumu.

Sasa niwaulize, hukumu hiyo imetolewa juu ya nini? Juu ya kinyama kipi? Kimetoka upande gani wa uvimbe? Sindano imepita wapi? Hilo ndilo swali lililonileta leo, na nitalirudia mpaka mnichoke.

Nimechagua saratani ya figo kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapa pwani inajificha nyuma ya kichocho. Mtu akikojoa damu, neno la kwanza midomoni ni kichocho, na mara nyingi ndicho, hasa kwa watoto na vijana wanaooga mabwawani. Lakini mtu wa miaka 50 na kitu, mvuta sigara, au mwenye presha, au aliyenenepa sana, akojoe damu bila maumivu, apewe vidonge vya kichocho, damu ikome, irudi, apewe vidonge tena? Hapana. Huyo apigwe ultrasaundi ya figo. Damu ya uvimbe ina tabia ya kuja na kwenda, na kukoma kwake si kupona. Wauguzi mliopo hapa, hili nalisema nikiwatazama nyinyi.

Sababu ya pili ndiyo mazungumzo yenyewe. Figo imewafundisha wataalamu wa dunia nzima kwamba uvimbe mmoja waweza kuwa na mambo mengi ndani yake.

Nianze na mezani kwangu. Figo yenye uvimbe ikiletwa, naipasua kati kwa kisu kirefu, naifungua pande mbili. Katika saratani zinazoanzia kwenye nyama ya figo yenyewe, karibu robo tatu ni za aina iitwayo ya seli angavu, na hiyo ukiipasua inakupokea kwa rangi ya njano, njano ya dhahabu. Ni mafuta yaliyojaa ndani ya seli. Mwaka 1883 Mjerumani Paul Grawitz aliiona njano hiyo, akaamini kwamba uvimbe umetokana na ile tezi ndogo inayokaa juu ya figo, kwa kuwa nayo ni ya njano. Sivyo, lakini jina lake liliung'ang'ania uvimbe huo miaka mingi, na wazee wa taaluma yetu wangali wakilitaja.

Lakini njano hiyo haienei uvimbe mzima. Hapa pana njano. Vidole viwili pembeni pana wekundu ulioiva, damu imevujia humo. Katikati pana ukijivu unaomomonyoka, nyama iliyokufa. Chini pana kifuko cha maji. Na pengine, pembezoni kabisa, pana doa jeupe, gumu, ambalo kisu kikilifikia mkono unahisi kabla ya jicho. Uvimbe mmoja, figo moja, mtu mmoja. Nikikata kipande cha njano nikakiweka chini ya hadubini, naona seli zimejipanga kwa utulivu, viini vyake vidogo. Nikikata lile doa jeupe, naona seli ndefu zilizovurugika, viini vikubwa, kila kimoja na umbo lake. Niambieni, nikiandika karatasi ya njano peke yake, nimesema uongo? Na nikiandika ya doa jeupe peke yake?

Hayo ya macho yalijulikana zamani. Kilichowashtua watu ni cha jeni, yale maagizo yanayoiongoza kila seli. Machi 2012, watafiti wa London, Marco Gerlinger, Charles Swanton na wenzao, walichapisha katika jarida la tiba la New England kazi waliyoifanya kwa wagonjwa wa saratani ya figo. Wagonjwa wangapi? 4 tu. Hawakuridhika na kinyama kimoja. Walichukua vipande kutoka pande mbalimbali za uvimbe uleule, na kutoka mahali ulipokuwa umesambaa, wakasoma jeni za kila kipande. Wakakuta kwamba takribani theluthi mbili ya mabadiliko ya jeni hayakuwa kila mahali. Yaliyoko juu hayapo chini, yaliyoko chini hayapo ubavuni. Kuna pia namna ya kubashiri mwenendo wa ugonjwa kwa kuangalia jeni zipi zinafanya kazi. Basi upande mmoja wa uvimbe ulitoa ubashiri mwema, na upande mwingine wa uvimbe huohuo ukatoa ubashiri mbaya. Mgonjwa ni yuleyule, na amelala kitanda kilekile.

Mnauliza, imekuwaje? Hapa Lamu watu wanajua nasaba, kwa hiyo hili halitawapiga chenga. Seli nazo zina nasaba. Seli zote za uvimbe zina babu mmoja. Katika aina hii ya seli angavu, babu huyo kwa kawaida alipoteza mkono mfupi wa kromosomu ya 3, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, na humo ndimo inamokaa jeni iitwayo VHL, kwa majina ya Eugen von Hippel wa Ujerumani na Arvid Lindau wa Uswidi. VHL ikiwa nzima, seli inajua oksijeni ipo ya kutosha na inatulia. Ikiharibika, seli inaishi ikidhani inakosa hewa, inaita mishipa ya damu usiku na mchana. Ndiyo maana uvimbe huu umejaa damu. Njia hiyo ya seli kuhisi oksijeni ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019. Na watafiti walipopiga hesabu za kurudi nyuma, waliona kwamba kwa wagonjwa wengi ile hasara ya kromosomu ya 3 ilitokea utotoni au ujanani, miongo kadhaa kabla ya uvimbe kuonekana. Mzee wa miaka 60 anaumwa leo, na seli ya kwanza ilikosea njia alipokuwa chuoni akisoma alifu na bee!

Baada ya babu, wajukuu wakatawanyika, kila mbari na mabadiliko yake. Katika kazi ile ya 2012 jeni moja, SETD2, ilikutwa imeharibika kwa namna tofauti katika pande tofauti za uvimbe mmoja. Maana yake, ndugu hawa hawakurithi kasoro hiyo kwa mzee wao. Kila mmoja aliipata kivyake, huko alikohamia.

Msitoke hapa mkisema kwamba uvimbe wenye mbari nyingi ndio mbaya zaidi. Mwaka 2018 Samra Turajlic na wenzake walitoa majibu ya wagonjwa 101, vipande 1,206. Walikuta uvimbe wenye matawi mengi ambao ulikwenda polepole, na walikuta mwingine ambao mbari moja kali iliushika mapema, ukafanana kila upande, na ukasambaa haraka. Kwa hiyo kutofautiana peke yake si hukumu. Shida yake ni kwamba kunamsumbua mchukua sampuli.

Na hapa nafika kwenye sindano. Wangapi hapa wamenunua mchele kwa magunia? Mnalijua bambo. Unalichoma gunia ubavuni, punje zinateremka kiganjani, unazitazama, unaamua bei. Sindano ya kutolea nyama ni bambo. Gunia likiwa la mchele wa aina moja, kiganja kimoja kinatosha. Likiwa limechanganywa, je?

Tupige hesabu, vijana toeni simu zenu. Kinyama cha sindano tukichukulie kina unene wa milimita 1 na urefu wa milimita 15. Hicho ni kama milimita 12 za ujazo. Uvimbe wa duara wenye kipenyo cha sentimita 6 una zaidi ya milimita 113,000 za ujazo. Gawanyeni. Mmepata ngapi? Kinyama kimoja ni kama sehemu moja katika elfu kumi ya uvimbe. Vikitolewa vitatu, ni sehemu tatu katika elfu kumi. Na mimi katika hizo tatu sitazami zote. Nazigandisha ndani ya nta, nazikata utando wa mikroni 3 au 4, mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita, naupaka rangi, natazama utando huo.

Alikuwapo mzee mmoja, fundi wa majahazi upande wa Matondoni. Mambo mengine nimeyabadilisha asitambulike. Uvimbe wa sentimita 8, figo ya kushoto. Jamaa walisita kukubali upasuaji bila majibu ya nyama, basi akachomwa sindano. Majibu: saratani ya seli angavu, daraja la 2 kati ya 4, na daraja likipanda ndivyo ukali unavyopanda. Ukoo ukapumua. Daraja la 2! Mbona kuna nafasi, tungoje mavuno ya korosho, tungoje kijana arudi Oman. Wakangoja. Figo ilipotolewa na kuletwa kwangu, nyingi ilikuwa njano, njano ileile ya daraja la 2. Chini, karibu na ukingo, palikuwa na doa jeupe la sentimita 2. Nikalikata. Daraja la 4, tena la aina ambayo seli zinageuka ndefu na kali, aina ambayo sindano inajulikana kwa kuipita bila kuiona.

Kijana wake akaja maabara na karatasi mbili, moja kila mkono. "Daktari, ipi ya uongo?"

Nikamwambia hakuna ya uongo. Ile ya kwanza ilisema kweli kuhusu pale sindano ilipopita. Nyinyi mkaisoma kana kwamba imesema kuhusu figo nzima. Mzee bado yuko kliniki, anapigwa CT, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, kwa mpangilio mkali kuliko ambao daraja la 2 lingemletea.

Sasa, mama mmoja pale mbele anatikisa kichwa, naona anasema moyoni: basi sindano ya nini? La, mama yangu. Usiende nalo hivyo nyumbani. Sindano ina maswali inayoyajibu vizuri sana, na ina maswali inayoyajibu kwa kubahatisha. Ukiiuliza, je, hii ni saratani au si saratani? Inajibu vizuri. Ni aina gani? Inajibu vizuri. Ni daraja la ngapi? Hapo inaanza kusitasita, na kosa lake mara nyingi ni la kulishusha daraja. Dawa fulani itashika au haitashika kwa kuwa jeni fulani imeharibika? Hapo, katika figo, kinyama kimoja mimi sikitegemei. Hasara ya babu nitaikuta karibu kila nichomapo. Ya wajukuu, inategemea sindano imepita wapi.

Na jibu la kwanza hilo, saratani au si saratani, si dogo hata kidogo. Uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4, kama mmoja katika kila mitano ukitolewa hukutwa si saratani. Mmoja katika mitano! Mama mmoja wa upande wa Witu alikuwa na uvimbe wa sentimita 3 ulioonekana kwa bahati, alipigwa ultrasaundi kwa ajili ya mawe ya nyongo. Figo yake ya pili ilikuwa imekwisha kuchoka. Kumtoa hiyo nzuri ni kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu maisha yake yote. Sindano ikaonyesha onkositoma, uvimbe usiosambaa. Na hata hapo hatukulala usingizi, kwa sababu onkositoma ina jirani wa saratani anayefanana nayo sana chini ya hadubini, kromofobu, na kinyama kidogo hakitoshi kila mara kuwatenganisha. Tukaongeza rangi maalumu, na akapangiwa picha za kufuatilia. Figo anayo mpaka leo.

Kuna pia wasiohitaji sindano kabisa. Uvimbe ni mkubwa, CT iko wazi, mgonjwa ana nguvu, upasuaji utafanywa hata majibu yawe vipi: sindano ya nini hapo? Wanaoihitaji ni wale ambao majibu yatabadilisha njia: anayetaka kungoja na kufuatilia, anayetaka uvimbe uunguzwe au ugandishwe bila kupasuliwa, ambaye ugonjwa umeshasambaa na anataka kuanza dawa. Muulizeni daktari wenu kwa adabu: majibu haya yatabadilisha nini?

Tena kuna sindano inayorudi mikono mitupu. Imegonga damu, imegonga nyama iliyokufa, imepita pembeni. Hutokea mara moja katika kumi, au zaidi. Nimeona mtu kaandikiwa "haikutosha kwa utambuzi" akarudi nyumbani akapika pilau la shukrani. Jamani! Kutotosha kwa utambuzi na kutokuwa na saratani ni mambo mawili. Karatasi hiyo maana yake ni kurudia, na wakirudia wengi wao hupata jibu.

Nije kwenye uchukuaji wenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Miongozo ya mabingwa wa njia ya mkojo inataka vinyama visivyopungua viwili vilivyo kamili, si kimoja. Uvimbe ukiwa mkubwa, vitolewe pembezoni, kwenye nyama iliyo hai, si katikati palipofia. Anayechoma awe anaona kwa ultrasaundi au CT. Na mimi figo ikinifikia nzima, nina wajibu wangu: angalau kipande kimoja kwa kila sentimita ya uvimbe, visipungue vitatu, na kila mahali palipobadilika rangi nipachukue. Uvimbe wa sentimita 8, vipande 8 kwa uchache. Daraja naliandika kwa pale palipo pabaya zaidi, sio kwa wastani. Karatasi ikikujieni na vipande viwili kwa uvimbe wa sentimita 8, mna haki ya kuuliza.

Lakini kazi yote hiyo huharibika njiani. Iliwahi kunifikia figo kutoka hospitali moja, nisiitaje. Ilikuwa nzima, haikupasuliwa, na mafuta yake yote yameizunguka, imeshindiliwa ndani ya chupa ya mdomo mwembamba. Chini kulikuwa na formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, vidole viwili. Ilikuwa imekaa siku kadhaa. Tulilazimika kuikata chupa kwa msumeno ili kuitoa, kwa sababu nyama ilikuwa imekwisha kukakamaa kwa nje. Formalini huingia ndani ya nyama kama milimita moja kwa saa, na kadiri inavyozama ndivyo inavyochelewa. Nje ilikuwa imehifadhika vizuri. Nilipofungua ndani, harufu ikatutoa chumbani. Ukingo ulisomeka. Katikati hapakuwa na seli yenye sura. Kama doa jeupe lilikuwa humo, limeondoka na siri yake, na mgonjwa ana figo moja tu nyingine, hakuna cha kurudia.

Wauguzi wangu, wasaidizi wa chumba cha upasuaji, mnisikie: chombo kipana, formalini mara kumi ya ukubwa wa nyama, na figo ipasuliwe kati kabla ya safari. Nasi visiwani safari ni boti, kisha gari, kisha foleni ya Mombasa. Kama daktari wa upasuaji hataki ipasuliwe, basi isafirishwe ikiwa mbichi kwenye barafu siku ileile. Usiulize kama ni usumbufu. Ni usumbufu.

Mzee wa safu ya pili aliniuliza kabla hatujaanza, kwa nini damu isipimwe tu, tukaachana na sindano. Ni swali zuri. Kuna saratani ambazo humwaga vipande vya DNA, yaani vya jeni zake, kwenye damu, vikaokotwa na kupimwa. Ya figo ni bahili. Humwaga kidogo sana, na kipimo mara nyingi hukosa kitu hata ugonjwa ukiwepo. Kwa sasa hatuwezi kuiacha nyama.

Na swali la mwisho limetoka upande wa akina mama, limeandikwa kwenye karatasi bila jina, nami namshukuru aliyeliandika, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wakimbie: je, sindano haitaiamsha saratani ikasambaa? Nimjibu wazi. Seli kufuata njia ya sindano ya figo kumewahi kutokea, lakini ni nadra mno. Sindano ya leo hupitishwa ndani ya bomba jembamba la nje. Vinyama vyote hutoka kwa bomba hilohilo, bila kuchoma figo upya kila mara. Kinachotokea zaidi ni damu kuvilia kuzunguka figo, na hiyo kwa kawaida hukauka yenyewe. Ndiyo maana utalazwa chali saa kadhaa, na ndiyo maana ukiwa unameza aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu lazima useme mapema, si ukiwa kitandani. Uvimbe ulioachwa bila kujulikana ndio wenye muda wa kusambaa.

Wenye bahasha zao waje hapa mbele, tuna muda mpaka magharibi. Mwenye CT aje na ile CD, karatasi ya maelezo peke yake hainitoshi. Na anayetoka mbali aanze yeye, boti ya Pate inaondoka.